Helmeti ya Sista Awino

Mama Zarina alipofariki, tulikwenda kutoa rambirambi nyumbani kwake, sisi wachache tuliobaki kati ya wale waliowahi kumfanyia kazi. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa chini ya hema, na msichana mmoja alikuwa anapitisha chai ya maziwa yenye iliki. Nilikishika kikombe changu kwa mikono miwili, nikafumba macho. Harufu ile ilinichukua taratibu, nikajiona nimesimama tena nyuma ya kaunta ya mbao, feni ikizunguka bila haraka, mvua ikianza upande wa ziwa. Nilipofumbua macho, mwanamke wa rika langu alikuwa mbele yangu, amenyoosha mkono. "Ouma," alisema, "wewe si ndiye Ouma wa duka la vipuri? Unanikumbuka?" Nilikuwa nimemkumbuka kwa zaidi ya miaka thelathini. Hata hivyo nilikunja uso kama mtu anayetafuta jina, nikasema, "Sista... ni Sista Awino?" Akacheka, akaniambia nyumba yake iko Nyamasaria, niende Jumapili ijayo nikale chakula. Nikasema nitakwenda. Siri yangu ilikuwa bado haijatikisika, na mkono wake katika mkono wangu ulikuwa mwepesi na mkavu kama jani.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na lolote la kufanya, mpaka Mama Zarina aliponiajiri. Duka lake lilikuwa kwenye barabara nyembamba katikati ya mji, kati ya fundi wa cherehani na fundi wa redio, na siku nzima tulisikia cherehani upande mmoja na taarifa zilizokatika katikati upande mwingine. Ndani kulikuwa na giza la kupendeza. Minyororo ilining'inia ukutani, tairi zilirundikwa pembeni zikinuka mpira mpya, na juu ya rafu ya pili, zikitazama mlango, zilikaa helmeti. Asubuhi, jua lilipoingia kwa dakika chache, zilimetameta zote pamoja kama vichwa vya watu walioitwa kwa wakati mmoja. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba kidogo chenye jiko la mafuta ya taa, na huko Mama Zarina alipika wali na dengu tulivyokula saa saba, yeye akiongea Kijaluo chake kilichonyooka kuliko changu, akimtania fundi wa redio kupitia ukutani. "Jaduong', mzee wangu, leo umetengeneza ngapi na umeharibu ngapi?" Naye fundi anajibu, "Mama, hiyo ni siri ya kampuni!"

Siku zile pikipiki hazikuwa za kubebea abiria kama leo. Zilikuwa za maafisa wa mifugo, mapadri, walimu wakuu na watu wa afya, na wengi wao walinunua helmeti kama walivyowanunulia watoto viatu vya shule, kubwa kidogo, ili kila mtu nyumbani aweze kuivaa. Mama Zarina hakuruhusu jambo hilo. Marehemu mume wake alikuwa amekwenda Ahero siku moja na helmeti ya kaka yake, hakurudi, na aliniambia habari hiyo mara moja tu, akiwa anachagua mawe kwenye dengu. Basi duka lake lilikuwa na utaratibu wake. Kwanza tuliazima futi ya fundi wa cherehani, tukapima kichwa kuzunguka juu kidogo ya nyusi. Kisha mteja alivaa helmeti, akafunga mkanda chini ya kidevu mpaka kidole kimoja tu kipite. Mashavu yalitakiwa yabanwe, azungumze kama mtu mwenye chakula mdomoni. Alitikisa kichwa, na ngozi ya paji la uso ilitakiwa iende pamoja na helmeti. Halafu mimi nilisimama nyuma yake, nikaishika kwa chini na kujaribu kuivua kwa kuibingirisha kuelekea mbele, mkanda ukiwa umefungwa. Ikisogea mpaka kwenye macho, haikuuzwa. Mwisho wa yote, mteja alikaa kwenye benchi akiwa ameivaa, na Mama Zarina akamletea chai. Alitakiwa kuinywa hivyo hivyo, taratibu, mpaka kikombe kiishe. Iliyomuumiza paji la uso ilirudi rafuni. Wapita njia walisimama mlangoni kucheka wakiona mwalimu mkuu amekaa na kichwa kikubwa cheusi, akinywa chai kupitia dirisha la helmeti. "Mwalimu, unaenda mwezini?" waliuliza. Na mwalimu, mashavu yamebanwa, hakuweza kuwajibu vizuri, jambo lililowafurahisha zaidi.

Niliupenda utaratibu ule, nikaupenda hata zaidi utulivu uliokuwa ndani ya helmeti. Wakati duka halina mtu nilivaa moja baada ya nyingine, na dunia ilirudi nyuma. Cherehani ya jirani ilisikika kama mvua ya mbali, na pumzi yangu mwenyewe ilikuwa kama ya mtu mwingine aliyelala karibu. Kulikuwa na moja nyekundu ya saizi ya kati, bitana yake laini ya kijivu, iliyonikaa kama iliyochongwa kwa ajili yangu. Sikuwa na pikipiki, wala dalili ya kuipata. Lakini niliiondoa rafuni, nikaifunga kwa gazeti na kuificha chini ya kaunta, nyuma ya boksi la plagi, nikijiambia kwamba siku yangu ikifika sitakuta imeuzwa. Jumapili moja niliibeba mpaka chumba changu cha Obunga. Nje akina mama walikuwa wanakaanga migongo ya samaki, moshi ukipita juu ya mabati, na mimi nilikaa kitandani nimevaa helmeti, nikijitazama kwenye kioo kidogo kilichopasuka pembeni. Sijui nilikaa muda gani. Nilijiona nikipita Otonglo kwa kasi, ziwa likiwa kushoto kwangu, watu wakigeuka. Jumatatu niliirudisha mafichoni.

Sista Awino alikuja mwanzoni mwa ile miezi mitatu ambayo Mama Zarina alikuwa Nairobi kutibiwa macho. Alikuwa muuguzi wa zahanati moja ya kanisa, kando ya ziwa, mbele ya Otonglo. Zahanati ilikuwa imepata pikipiki ya kupelekea chanjo kwenye bichi za wavuvi, na katika wauguzi wote ni yeye peke yake aliyesema ataiendesha. Aliingia na joto la barabarani, akaweka mkoba kwenye kaunta, akasema, "Kijana, nataka kofia ya kuniweka hai." Nywele zake zilikuwa zimesukwa kwa uzi mweusi, mistari minene iliyosimama na kuinamishwa nyuma kama majani ya mtama baada ya upepo. Nilijua ninachopaswa kumwambia. Mama Zarina aliwaambia wanawake wote bila aibu: nenda ukafumue, usuke mistari ya kulala, urudi. Lakini mimi nilikuwa kijana, na nywele zile zilikuwa nzuri, na midomo yangu ilikataa. Nilisema kwa sauti ndogo, "Sista, pengine nywele..." Akacheka. "Unajua hizi zimenila siku nzima? Dada yangu alisuka mpaka vidole vikakufa. Pima hivyo hivyo." Nikapima hivyo hivyo. Futi ilipita juu ya nyuzi, ikanipa nambari kubwa, nami nikampa helmeti kubwa, nyeupe. Ilimbana mashavu, haikuvuka paji la uso nilipojaribu kuibingirisha. Nilimpikia chai mwenyewe, ikatoka nyepesi. Aliinywa yote, akasema ndani ya helmeti, kwa sauti ya mtu aliye kwenye kisima, "Huku ndani kuna amani, ayaye. Mtu anaweza kulala."

Alipita dukani mara nyingi baada ya hapo, akija mjini kuchukua chanjo na barafu. Alipaki mlangoni na kuniita bila kushuka. "Ouma! Nimefika mpaka bichi ya mwisho leo! Wazee wamenipa jina, wananiita Nyar Pikipiki, binti wa pikipiki." Nilimwonea wivu, na nilimpenda kwa namna ambayo haikuwa na mpango wowote. Kisha kwa wiki tatu sikumwona. Aliporudi, alikuwa amefiwa na baba yake. Alikuwa amekwenda nyumbani kuzika, na kama ilivyokuwa desturi kwao, baada ya mazishi wafiwa walinyolewa. Alivua helmeti mlangoni, na kichwa chake kilikuwa kidogo na kitupu, masikio yametokeza kama ya mtoto. Sikujua nitazame wapi. "Pole, Sista," nilisema. "Asante. Sasa tazama hii kofia yako." Aliivaa, akafunga mkanda, akatikisa kichwa, na helmeti ikabaki imetazama mbele huku uso wake ukigeuka ndani yake. "Inanicheza. Ndani ninasikia upepo kama niko kwa debe. Huna ya kati?"

Rafu ilikuwa mbele yetu sote wawili. Kulikuwa na kubwa tatu na ndogo ya mtoto. Ya kati ilikuwa chini ya kaunta, nyuma ya boksi la plagi, ikigusa goti langu. Naikumbuka sekunde ile kuliko siku ya harusi yangu. Feni ilikuwa inazunguka. Fundi wa redio alikuwa amepata stesheni ya muziki, akaipoteza. Nilisema, "Hakuna, Sista. Zitakuja Mama akirudi." Akauliza, "Atarudi lini? Mimi kesho niko na chanjo." Badala ya kumwambia asiendeshe, nilichukua wembe, nikakata sponji ya kiti kilichochakaa cha chumba cha nyuma, nikaijaza helmeti yake pembeni na juu. Nilifanya kwa uangalifu mkubwa, vipande vidogo vidogo, kama mtu anayetengeneza kitu cha kweli. Alivaa, akasema, "Sasa iko sawa kidogo." Sikusimama nyuma yake. Sikujaribu kuibingirisha. Nilijua itavuka.

Siku mbili baadaye, asubuhi, mlinzi wa zahanati aliingia na gunia. Alikuwa mzee aliyezoea kututania, lakini siku ile hakuketi. "Sista ameanguka karibu na bichi," alisema. "Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ni matope. Kichwa kiligonga jiwe. Yuko hospitali, hajui watu. Wavuvi waliokota kofia mtaroni, mbali na yeye. Kamati ya zahanati inakuja mchana kuuliza juu ya hii kitu." Aliweka gunia sakafuni, akaondoka kurudi hospitali. Nililifungua nikiwa peke yangu. Helmeti ilikuwa na matope mpaka ndani, na sponji yangu ilikuwa imelowa, imejikunja upande mmoja kama ulimi. Na mkanda ulikuwa umefungwa. Umefungwa vizuri, kama nilivyomfundisha, kidole kimoja tu kipite. Kichwa chake kilikuwa kimechomoka kutoka ndani ya mkanda uliofungwa. Nilisimama pale na kitu kile mikononi, na mikono yangu ikafanya kazi bila kuniuliza. Nilitoa sponji, nikaichoma kwenye jiko la nyuma. Kisha nikaufungua mkanda.

Mama Zarina alikuwa amesharudi kutoka Nairobi jana yake, akiwa na miwani mipya, na siku hiyo alifika dukani karibu na saa sita. Alitoka nyuma ya pazia kamati ilipoingia: mwenyekiti wa kanisa, mwanamume mrefu aliyevua kofia mlangoni, na muuguzi mkuu aliyekuwa amelia. Waliketi kwenye benchi ile ile ya chai. Mwenyekiti aliuliza kwa upole, "Kijana, ulimpima?" Nikasema nilimpima. "Ilimtosha?" Nikasema ilimtosha. Mama Zarina aliipokea helmeti, akaigeuza, akasoma nambari ndani, akanitazama juu ya miwani. "Hii ni kubwa, Ouma. Kichwa chake kilitaka hii?" "Futi ilisema hivyo, Mama." "Alikunywa chai?" "Alikunywa yote." Hakuna neno hata moja katika majibu hayo lililokuwa la uongo, na bado ninayasikia kama uongo mmoja mrefu. Akawageukia wageni, akasema, "Kijana wangu hupima vizuri." Mwenyekiti akauliza swali la mwisho. "Na mkanda? Ulipoipokea, mkanda ulikuwaje?" Nikasema, "Ulikuwa wazi, Mzee." Muuguzi mkuu alitikisa kichwa polepole. "Nilimwambia," alisema, "nilimwambia huyu msichana ana haraka."

Kilichofuata nilikisikia kwa vipande, kutoka kwa mlinzi, kupitia ukutani, kutoka kwa wateja. Alizinduka baada ya siku nne. Alianza kutembea. Alipoteza kabisa uwezo wa kunusa, hakuweza kutofautisha samaki na sabuni. Kamati iliamua kwamba alikuwa mzembe, ikampa mwanamume pikipiki, na yeye akawekwa chumba cha kadi, kuandika majina ya wagonjwa. Kabla mwaka haujaisha aliacha kazi. Mimi pia niliacha. Mama Zarina alinisihi nibaki, akanifungia wali na dengu kwenye bakuli la bati siku ya mwisho, na kwa wema ule nilishindwa hata kumtazama. Helmeti nyekundu niliirudisha rafuni asubuhi ya siku hiyo. Sijawahi kuendesha pikipiki maishani mwangu. Nimekuwa karani, nimekuwa mkulima wa mboga, nimelea watoto, na katika miaka hiyo yote nimejiambia kwamba yule alikuwa kijana mwingine, si mimi, kwamba barabara ilikuwa ya matope, kwamba hata helmeti nzuri haizuii kila jiwe. Huenda ni kweli. Lakini mkanda niliufungua mimi.

Jumapili nilikwenda Nyamasaria. Nyumba yake ina sebule ndefu yenye vitambaa vyeupe juu ya viti, madirisha wazi, na mwanga wa saa saba unaoingia kama maziwa. Tulikula samaki wa kukaanga, ugali na osuga, mboga ya mnavu iliyopikwa kwa maziwa. Binti yake alionja mchuzi wa mboga kwa niaba yake, akasema, "Haujaungua, Mama, kula." Mwanawe, Odhis, mwanamume wa miaka thelathini hivi, alikuwa anajitayarisha kuondoka na pikipiki yake, na alipokuwa anavaa helmeti mlangoni watoto wake wawili waliimba kwa pamoja, "Kamba, Baba! Usiwe kama Dani!" Dani, yaani bibi yao, alikuwa Awino mwenyewe, na kila mtu alicheka. Awino alicheka pia, mkono mdomoni. "Ndiyo wimbo wa hii nyumba," aliniambia. "Tangu wakiwa wadogo. Mama aliyesahau kamba." Kisha akapunguza sauti, kama mtu anayeongea na sahani yake. "Unajua, Ouma, mimi nilikuwa naona nilifunga. Naona vidole vyangu. Naona kabisa. Lakini daktari alisema kichwa kikigonga kinatengeneza picha zake. Basi nikaacha kukiamini. Mpaka leo nikikumbuka kitu, nauliza watoto kama ni kweli."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi niliyoyapanga njiani. Yote yalipotea. Nilisema, "Ulifunga."

Odhis alisimama mlangoni na helmeti imefika nusu ya kichwa. Nikaendelea, kwa sababu nikinyamaza nisingeanza tena. Niliwaambia juu ya gunia, mkanda uliokuwa umefungwa, sponji niliyoichoma. Niliwaambia juu ya helmeti ya kati iliyokuwa inagusa goti langu wakati nikisema hakuna. Nilisema mimi ndiye niliyeufungua, nikaiambia kamati kwamba ulikuwa wazi. Binti yake aliweka kijiko chini. Odhis akasema, "Mzee, wewe umekula chakula chetu," na hakumaliza. Awino aliinua mkono kumnyamazisha. Hakulia, wala hakuniambia amenisamehe, na sikuwa na haki ya kungoja hilo. Alisema, "Sema tena." Nikasema tena, mkanda ulikuwa umefungwa. "Polepole. Watoto wasikie." Nikasema kwa mara ya tatu, nikiwatazama wajukuu wake.

Aligeuza macho dirishani. Kisha akauliza, si mimi, si mtu yeyote, "Basi na yule mbuzi alikuwa wa kweli?" Tukamtazama. "Kulikuwa na mbuzi mweupe katikati ya barabara," alisema. "Nilimkwepa. Waliniambia hakukuwa na mbuzi. Na kulikuwa na mama mwenye beseni la bluu, amesimama chini ya mti, ananipungia mkono. Mvua ilikuwa inakuja juu ya maji, naiona, nyeupe, kama pazia. Nilikuwa naimba." Alisema kitu kimoja, halafu kingine, akikishika kila kimoja kwanza kabla ya kukiweka mbele yetu, na hakumgeukia mwanawe wala binti yake kuuliza. Odhis alivua helmeti, akarudi, akaketi sakafuni karibu na miguu ya mama yake. Mimi nilibaki kwenye kiti changu. Hakuna aliyeniambia niondoke, hakuna aliyeniambia nikae. Alikuwa bado hajafika kwenye lile jiwe. Alikuwa bado anaendesha, asubuhi, chanjo ziko kwenye barafu nyuma yake, na alikuwa anatuambia barabara ilivyokuwa.